Joho la Zezva

Siku Imeda aliyokuja kuniposa, kaka yangu Batura alimpasua kichwa kwa mtungi wa divai, na chanzo cha yote kilikuwa riwaya. Si shamba, si kondoo, si matusi ya ulevini. Riwaya, tena ya kununua dukani, yenye picha ya mlima kwenye jalada. Mtu akiniambia kwamba kusoma kunastaarabisha watu, huwa namwangalia tu.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa Oktoba. Zabibu zilikuwa zimeshakamuliwa na kijiji chetu chote cha Alvani kilinuka divai changa. Zamu ya meza ya vitabu ilikuwa yetu, na nilikuwa nimeitandika ndani ya ghala la divai, chini ya nyumba, kwenye ubaridi mzuri. Meza hiyo niliianzisha mimi, mwalimu wa shule mwenye ulimi mrefu na jioni nyingi zisizo na kazi. Tunachagua riwaya mpya, tunaisoma, halafu tunakutana kula na kuambiana kila mmoja imemfanya nini.

Lakini kwetu watu hawakai mezani kienyeji. Lazima awepo tamada, mkuu wa meza. Yeye ndiye anayeinua bilauri na kutoa neno, na kabla yake hakuna anayekunywa. Basi vitabu navyo vikafuata sheria hiyohiyo. Tamada anainua kitabu, anasema lake, kisha anamgeukia mtu na kumrushia neno: "Alaverdi." Ukirushiwa umerushiwa. Unasimama, unaendeleza pale alipoishia, unasema la moyoni, unakunywa mpaka mwisho. Anayesema "kitabu kizuri" na kukaa hupewa pembe ya ng'ombe iliyojaa divai aimalize kwa adhabu.

Tamada wetu wa siku zote alikuwa Mjomba Gagi, daktari mstaafu wa mifugo. Wiki ile Batura alinifuata jikoni akaniambia, "Mzeka, safari hii tamada nitakuwa mimi."

Nilikaribia kuangusha sufuria. Batura alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuwahi kusoma riwaya hata moja. Vitabu vyangu aliviita vitanda vya vumbi.

"Wewe? Kwani umesoma?"

"Ninasoma."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Mbona unanikodolea macho? Nyumba si yangu? Kitabu si cha watu wenye macho?"

Nikamrukia shingoni, nikambusu mashavu yote mawili. Nilidhani anafanya kwa ajili yangu. Nilidhani amesikia fununu kuhusu mimi na Imeda, na kwa njia yake ya ukimya anafungua mlango. Mapenzi yakikushika unaona huruma hata kwenye uso wa fahali.

Nieleze kwa nini mlango ulikuwa umefungwa. Sisi tulikuwa watatu. Mkubwa alikuwa Zezva, kisha Batura, kisha mimi. Miaka mitatu nyuma, Zezva na rafiki yake Imeda waliteremsha kondoo kutoka malisho ya juu, theluji ikawakuta kwenye njia ya mlimani kabla ya wakati wake. Imeda aliteremka peke yake. Alikuwa amevaa majoho mawili ya sufu, lake na la Zezva. Kijiji kizima kilimwona akiingia na majoho mawili, na hakuna aliyemuuliza, maana msibani mtu haulizwi mambo kama hayo. Baada ya mazishi hakukanyaga tena kwetu. Mama yangu, Mama Daro, hakumtukana, hakumlaani. Alikuwa akikutana naye njiani anavuka upande wa pili.

Na mama yangu huyo alikuwa mtu wa maneno matamu. Kwetu mtu akikupenda anakwambia, "Nife badala yako." Tunalisema hovyo, kwa mtoto anayekataa uji, kwa muuza nyama ili akukatie pande zuri. Mama alilisema kutwa nzima. Tangu Zezva azikwe sikumsikia akilisema tena, hata kwangu.

Mimi nilimpenda Imeda baadaye, kwenye meza ya vitabu ya nyumba nyingine, siku alipoulizwa kuhusu riwaya moja ya mapenzi akasema, "Mwandishi huyu hajawahi kungoja mtu." Akaniangalia, akakaa. Alipewa pembe ya adhabu kwa ufupi wa maneno, akainywa yote huku ananitazama. Kuanzia hapo nilikwisha.

Jumapili hiyo nilimpokea getini. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, na amenyoa ndevu hadi ngozi imewaka.

"Umejikata," nikamwambia, nikimgusa chini ya sikio.

"Mkono ulitetemeka. Mzeka, leo nitasema. Mlo ukiisha nitamwomba Batura mkono wako, mbele ya watu."

"Ngoja kwanza waikamilishe riwaya. Batura amekuwa msomaji, unajua? Leo ndiye tamada."

Uso wake ukabadilika. "Kasoma kile kitabu?"

"Kasoma! Si jambo la kufurahisha?"

Akanishika vidole akavibana hadi vikauma. "Wewe mwenyewe umekisoma, Mzeka. Hukuona kitu?"

Nilikuwa nimeona, bila shaka. Kitabu kile kilihusu wachungaji wawili, theluji na mlima. Lakini mwandishi alikuwa kijana wa mjini Tbilisi, ambaye nadhani kondoo amemwona kwenye sahani tu, na mimi nimezoea vitabu. Kwangu ilikuwa hadithi. Nilimwambia Imeda asiwe mwoga, nikamvuta ndani kwa mkono wangu mwenyewe.

Ghalani tulikuwa watano. Batura kwenye kiti cha tamada, Mjomba Gagi kulia kwake, halafu Pikria, rafiki yangu mwenye duka la dawa, halafu mimi, na Imeda akawekwa mbele kabisa ya Batura. Mama hakushuka. Alikuwa juu akioka mkate, na vitabu aliviita kazi ya watu wasio na ng'ombe.

Batura akainua bilauri. "Kwa ushindi!"

"Kwa ushindi!" tukaitikia, tukanywa.

"Pikria, alaverdi. Tuambie."

Pikria akasimama, akajifuta midomo. "Mimi kitabu hiki nilikirusha ukutani. Nisameheni. Paka alikuwa amelala pale, kikampata, mpaka leo haniongeleshi. Kwa nini? Kwa sababu ya yule mke! Mume hajarudi mlimani, yeye anakaa dirishani kurasa arobaini anasikiliza upepo. Dada, chukua taa, toka, piga kelele, waamshe majirani! Waandishi wanaume wakimweka mwanamke dirishani hawajui tena namna ya kumtoa."

Tulicheka. Mjomba Gagi alicheka hadi akakohoa. "Na kondoo je? Mia sita kwenye theluji, na hakuna hata mmoja anayelia! Mimi nimetibu kondoo miaka arobaini. Kondoo hafi kimyakimya namna hiyo."

Imeda hakucheka. Batura naye hakucheka, na hapo nikaona kwamba bilauri yake ya kwanza bado imejaa. Tamada hakunywa. Jambo hilo kwetu halijawahi kutokea.

"Sasa mimi," akasema Batura, akasimama na kitabu mkononi. Alikuwa amekunja kona ya ukurasa, na kidole chake kilikuwa hapo. "Sijui kusema kama nyinyi. Mimi kitabu kimenifundisha. Kuna wachungaji wawili, marafiki tangu utotoni. Mmoja anavunjika mguu. Mwingine anakaa naye mpaka giza. Halafu baridi inapomzidi anafanya nini? Anamvua joho mwenzake. Mwenzake anamwomba, anamshika mkono, anamsihi kwa jina la mama yake. Yeye anamvua hivyohivyo. Anayavaa yote mawili, anateremka, anamwacha."

Pikria akashusha uma.

"Batura," nikasema taratibu, "hiyo ni riwaya."

"Najua ni riwaya, jalada limeandikwa."

"Ni ya kutunga. Kijana kakaa chumbani kwake katunga."

"Lisemwalo lipo, Mzeka! Katungia wapi? Joho kalijulia wapi? Majoho mawili kayajulia wapi? Mtu anaweza kukaa mjini akaota majoho mawili?" Mate yalimruka. "Miaka mitatu najiuliza, naona haya kuuliza. Nimekuja kuambiwa na kitabu cha bei ya lari kumi na tano!"

Akamgeukia Imeda. Akanyoosha bilauri ile iliyojaa mpaka divai ikamwagika mkononi.

"Alaverdi," akasema. "Endeleza wewe."

Imeda akasimama. Alikuwa mweupe kama shati lake. Alinitazama, na katika mtazamo ule niliona anaomba radhi kwa kitu ambacho bado hajakisema.

"Kitabu hiki," akaanza, "nimekisoma mara nne. Mimi yule mtu aliyevua joho..." Akamtazama Batura. "Mimi nilimwonea wivu."

Hakumaliza. Batura aliunyakua mtungi katikati ya meza, ule mkubwa wa udongo, akaupiga kwenye paji la uso la Imeda. Ulipasuka vipande. Divai na damu vilishuka pamoja juu ya shati jeupe, usijue kipi ni kipi. Imeda alianguka na kiti chake.

"Mgeni!" Mjomba Gagi akapiga yowe. "Batura, ni mgeni! Mgeni ni wa Mungu!"

"Mungu amchukue basi!"

Imeda akajiinua kwa kushika ukingo wa meza. Alipangusa macho. "Hiyo moja ni haki yako," akasema. "Sikukatalii."

"Hakuna moja!" Batura alizunguka meza akampiga ngumi ya mdomo, kisha ya mbavu. Imeda alizipokea mikono ikiwa chini. Mimi nilikuwa napiga kelele sijui nasema nini. Pikria alinishika kiuno. Ngumi ya nne ilimpeleka Imeda ukutani, na hata hapo hakuinua mkono, na huo upole wake ndio uliomtia Batura wazimu.

"Pigana! Pigana, mwizi! Ulimvua kaka yangu joho, sasa umekuja kumvua dada yangu nguo! Unadhani sijui? Unadhani hamwonekani?"

Hapo Imeda akapigana.

Sijawahi kuona mtu mpole akibadilika namna ile. Alimpiga Batura kichwa cha pua, nikasikia mfupa. Wakashikana. Meza ikaenda na vyote vilivyokuwa juu yake, mikate, jibini, sahani za bibi yangu. Walibingirika kwenye vigae na mifupa, wakipigana viwiko, wakinguruma. Batura alimng'ata bega. Imeda alimshika nywele akamgonga sakafuni, mara, na tena. Mjomba Gagi alijaribu kuwaachanisha, akapigwa teke la tumbo akakaa chini anahema.

Nilichukua riwaya ile ya laana nikaitupa kwa nguvu zangu zote. Ilimpata Batura sikioni, ikaanguka, wakaikanyaga. Nikajitupa mwenyewe katikati yao. Kiwiko cha mmoja wao, mpaka leo sijui cha nani, kilinipasua mdomo na kunirudisha nilikotoka.

Batura akapata chuma cha mishikaki kwenye majivu ya jiko lililokuwa pembeni. Nyama bado ilikuwa imechomekwa, inatoa moshi. Alichoma mbele, Imeda akakinga kwa kiganja, na ncha ikatokea nyuma ya mkono. Pikria akapiga ukelele. Imeda hakulia. Alikishika chuma kile kwa mkono huohuo uliotobolewa, akakivuta pamoja na Batura, na kwa mkono mwingine akaokota shingo ya mtungi uliovunjika, kipande chenye meno, akaielekeza kooni kwa kaka yangu. Wakabaki hivyo wameshikana, mmoja anasukuma chuma, mwingine anasogeza kigae, wote wawili wakinuka divai, na nikajua kwamba mmoja wao hatatoka humo ghalani akitembea. Yeyote atakayekufa, mimi nimekwisha. Akifa Imeda nimekosa mume kwa mkono wa kaka. Akifa Batura nimekosa kaka kwa mkono wa mume.

"Mama Daro!" akaita Mjomba Gagi. "Mama Daro, njoo! Kitambaa! Leta kitambaa!"

Kwetu kuna kitu kimoja kinachosimamisha wanaume. Mwanamke akivua kitambaa cha kichwa akakitupa kati yao, wanaacha, hata kama visu vimeshatoka. Anayekivuka anakuwa si mtu tena, hapewi mkono hata na watoto. Lakini mimi nywele zangu ni fupi na sijawahi kufunga kitambaa maishani mwangu. Pikria naye ni mwanamke wa duka la dawa, ana kibanio. Kwenye nyumba yetu kitambaa kilikuwa kimoja tu, cheusi, na kilikuwa kichwani kwa mama.

Alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, mikono imejaa unga, anatazama. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Mama, tupa!" nikamwambia. "Mama, upesi!"

Mama hakusogea.

"Daro!" Mjomba Gagi alikuwa analia sasa. "Daro, kwa roho za waliokufa!"

"Kwa roho ya aliyekufa," mama akasema, "waacheni wamalize."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nilimtazama, nikaelewa kwamba njia zote zile alizovuka upande wa pili, miaka mitatu, alikuwa anaingojea siku hii. Alikuwa tayari kumpoteza mwana wa pili ili alipwe wa kwanza. Na mimi je? Mimi nilikuwa nani katika hesabu hiyo? Damu ilinipanda kichwani. Nilipanda ngazi mbili, nikakishika kitambaa cha mama yangu, nikakivuta kichwani mwake kwa nguvu hata pini ikaruka.

Mwanangu akinifanyia hivyo nitamlaani. Lakini nilifanya.

Nikakitupa. Kilifunguka hewani kikatua juu ya mikono yao, juu ya chuma na kigae.

Wakaacha.

Batura aliachia chuma. Imeda aliachia kigae. Wakarudi nyuma, kila mmoja hatua moja, na kile kitambaa kikateleza chini kati yao. Halafu wote watano tulimgeukia mama, tukaona nywele zake. Siku ya mazishi zilikuwa nyeusi. Sasa hapakuwa na unywele mmoja mweusi, zote zilikuwa nyeupe pe.

Batura ndiye aliyesema kwanza, damu ikimtoka puani. "Haihesabiki. Hakukitupa yeye. Mzeka kakipora. Mama, kiokote. Ukikiokota, tunaendelea."

"Kimeanguka, kimeanguka," akasema Mjomba Gagi.

"Kitambaa cha kuporwa hakina nguvu! Mama, sema wewe."

Mama alishuka polepole, akipita juu ya sahani za mama yake mwenyewe zilizovunjika. Alisimama mbele ya kitambaa. Aliinama, mkono ukafika karibu, ukaganda hapo. Kisha akainua uso akamtazama Imeda, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, machoni kabisa.

"Nilisikia nikiwa ngazini," akasema. "Ulikuwa unasema kitu kuhusu kitabu. Ulimwonea nani wivu?"

"Mama Daro..."

"Alaverdi," akasema mama yangu, ambaye hakuwahi kukaa kwenye meza yetu. "Nimekurushia. Sema."

Imeda alisimama huku mkono wake ukidondosha damu. Hakujifuta.

"Yule kwenye kitabu alimvua mwenzake joho," akasema. "Nilimwonea wivu kwa sababu alikuwa macho. Mimi nilisinzia, Mama Daro. Zezva mguu ulikuwa umevunjika, nikamkalisha chini ya mwamba, nikakaa ubavuni kwake. Mwandishi anasema theluji ilikuwa kimya. Hakuna kimya. Kulikuwa na upepo, na kondoo wakilia, Mjomba Gagi amesema kweli. Na Zezva alikuwa anaongea. Aliongea usiku kucha ili nisilale. Aliongea mpaka kuhusu khinkali zako, yale maandazi yako ya nyama. Alisema unatia pilipili manga nyingi mno, na kwamba tangu utoto anazila huku machozi yanamtoka kwa sababu hataki kukuudhi."

Mama aliweka mkono wa unga mdomoni.

"Nilipoanza kusinzia alinizaba kofi. Nikaamka. Nikasinzia tena. Mara ya mwisho hakunipiga. Nilimsikia anasema, 'Lala basi, mpumbavu wewe. Lala, nife badala yako.' Mimi nikadhani ni usemi tu. Tunasema kila siku! Nikalala. Nilipoamka nilikuwa na majoho mawili, na yeye..." Akatikisa kichwa, akaendelea. "Sikumvua. Ingekuwa heri ningemvua, ningejua nimefanya nini. Sikuwahi kusema kwa sababu nilijua nitakavyosikika. Mtu atasemaje alilala? Kitabu kile kinamalizika vizuri kuliko mimi. Yule mwizi mwishoni anarudi mlimani, anamvika mwenzake joho lake, anakaa naye hapo hadi naye anakufa. Mimi nilirudi na kuishi. Nikampenda na dada yake."

"Anarudi?" akauliza Batura.

Tukamgeukia sote.

"Yule wa kitabuni," Batura akasema. "Anarudi?"

"Batura," nikasema, "hukukimaliza?"

Alitazama sakafu. Kitabu kilikuwa pale kimelowa divai, kona ya ukurasa bado imekunjwa. "Nilifika pa joho. Nikakifunga."

"Ulifunga kitabu katikati ukaja kuua mtu?"

"Mimi nilijuaje kama mbele kuna kingine!" akafoka, na sauti ikamkatika. Alikaa chini kwenye vigae, jitu zima lile, akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata msibani. "Zezva alikuwa anaficha khinkali nyingine kwenye mkate ananipa mimi," akasema katikati ya kilio. "Kila Jumapili. Nilikuwa nazila mimi."

Mama akainama akaokota kitambaa.

Pikria aliguna kwa hofu. Batura aliinua kichwa. Imeda alimwona mama akija na kile kitambaa mkononi, akashusha mikono yake yote miwili kando, akasimama wima kungoja kitakachokuja.

Mama hakukirudisha kichwani. Alikikung'uta vigae, akakikunja mara mbili, akaukamata ule mkono uliotobolewa akaanza kuufunga. Alifunga kwa nguvu, kama anavyofunga mdomo wa kiriba cha jibini, hadi Imeda akakunja uso.

"Inauma?"

"Inauma, mama."

"Vizuri. Iume." Akazungusha tena. "Kesho uje mchana. Uje na mtu mzima wa kwenu, na shati safi. Nani kakwambia mtu anakuja kuposa peke yake, kimyakimya, nyuma ya vitabu? Hamna wakubwa kwenu?"

"Wapo, mama."

"Basi waje. Na nyumba hii ina sahani kumi na mbili za kulipwa, Batura atanunua sita na wewe sita."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, mdomo umevimba, nalia na kucheka, na Pikria ananipangusa damu kwa leso. Imeda aliniangalia juu ya kichwa cheupe cha mama. Jicho lake moja lilikuwa limeshafunga kwa uvimbe, na lile lililobaki lilinitosha.

Mama alifika kwenye fundo la mwisho akalikaza. Imeda akashtuka akauvuta mkono.

"Tulia," mama akamwambia. Mkono wake ukasita juu ya fundo, nikaona neno linamjia kutoka mbali, neno ambalo nyumba yetu ilikuwa imelikosa miaka yote ile. "Tulia, nife badala yako. Tulia nimalize."